Mashine Yako Inasimama Lini? Mwongozo wa Kuanza Udijitali Katika Kiwanda Kidogo

Swali ni moja, nianzie wapi na udijitali, ila linakuja kwa sura nyingi. Mwenye kinu anauliza anunue programu gani. Mwenye mashine ya kukamua alizeti ameona video ya roboti, anauliza bei. Mwingine ameambiwa bila "akili bandia" ataachwa nyuma. Nikimuuliza kila mmoja wao, "Jana mashine yako ilisimama mara ngapi, na kwa dakika ngapi?" ananijibu, "Ngoja nimuulize opereta."

Basi tuanzie hapo. Mwongozo huu utakufikisha mahali ambapo simu yako inakuonyesha dakika kwa dakika kama mashine imezimwa, inazunguka tupu au inafanya kazi. Hutabadilisha mashine, wala hutakata waya wowote wa mota. Mfano wangu ni kinu cha nyundo cha kusaga dona chenye mota ya HP 30, yaani kilowati 22 kwenye umeme wa fezi tatu, kwa sababu hicho ndicho ninachokutana nacho zaidi. Kama una mashine ya kukamua mafuta, ya kufyatua tofali au ya kukoboa mpunga, hatua ni zilezile.

Jambo moja kabla hujatoa hela. Kama mashine yako ni mpya na ina skrini, fungua kitabu chake uangalie kama ina tundu la RS485, yaani la waya wa kutolea data. Likiwepo, huenda inaongea Modbus, lugha iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo viwanda vinaitumia hadi leo. Hapo data imo tayari ndani ya mashine, unachohitaji ni mtu wa kuisoma tu. Mwongozo huu ni wa mashine ambazo hazina skrini wala tundu, zina swichi ya kijani na nyekundu basi.

Vitu vya kuandaa

Daftari moja na kalamu iliyofungwa kamba. Usicheke, hivi ndivyo muhimu kuliko vyote.

Fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hutolewa na EWURA, kwa Kenya na EPRA. Kishoka hapana. Paneli ya volti 400 haina huruma na mtu aliyejifunza kwa kuangalia.

Klampu ya kupimia umeme aina ya SCT-013-000. Hiyo 013 ni upana wa tundu lake, milimita 13, na inapima hadi ampea 100. Mota ya HP 30 ikielemewa vizuri inakula takriban ampea 40, kwa hiyo nafasi ipo. Angalia namba ya mwisho unaponunua: SCT-013-030 inafanana nayo kabisa, lakini inaishia ampea 30 na ina resista yake ndani.

Bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye waifai ndani. Resista moja ya omu 22, mbili za kilo-omu 10 na kapasita moja ya mikrofaradi 10 kwa ajili ya klampu. Resista nyingine mbili, ya kilo-omu 10 na ya kilo-omu 15, kwa kazi utakayoiona hatua ya 5. Tundu la jeki ya milimita 3.5, kama la hedifoni, la kuchomekea klampu.

Chaja mbili za simu za volti 5 na pawabenki moja inayoweza kuchajiwa huku inatoa umeme.

Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, lisiloingiza vumbi. Rauta yenye waifai ya 2.4 GHz, kwa sababu ESP32 haioni ile ya 5 GHz. Na klampumita ya mkononi, ya kuazima kwa siku moja tu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mashine moja. Moja tu. Chagua ile ambayo ikisimama, wengine wote wanakaa chini. Katika vinu vingi ni kinu chenyewe, ila nimekuta mahali ambapo mashine ya kushonea viroba ndiyo iliyokuwa inawachelewesha wote, na kinu kilikuwa kinazimwa kuisubiri.

2. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili. Chora safu nne: saa iliposimama, saa ilipowaka, sababu, jina la aliyeandika. Sababu zisizidi sita, na uzibandike ukutani: umeme, mahindi hayajafika, chekeche, mkanda, viroba, mengineyo. Ukiweka sababu ishirini opereta ataandika "mengineyo" siku nzima, na ana haki.

Watu wengi wanaruka hatua hii wakidhani mashine itajieleza yenyewe. Haijielezi. Klampu itakwambia mota ilisimama saa 4 na dakika 12. Kwamba ilisimama kwa sababu chekeche limetoboka na mama mmoja amerudisha dona lenye chenga, hilo analijua opereta peke yake.

Na hapa kuna mtego ambao umenipotezea siku nzima zaidi ya mara moja: saa. Opereta anaandika saa 3, kompyuta inaandika 09:00. Mbaya zaidi, kijana mwingine wa zamu ya pili anaandika 3 akimaanisha saa tisa alasiri, kwa kuwa simu yake imesoma 3:00. Amueni mapema. Mimi naacha daftari liwe la saa zetu, na kila mstari una neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kisha mtu mmoja ndiye anayebadilisha wakati wa kuingiza kwenye kompyuta: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 3 usiku ni 21:00.

3. Pima waifai pale pale ilipo paneli. Simama na simu yako, funga mlango wa paneli, washa kinu, kisha jaribu kutuma picha. Ikikwama, sogeza rauta sasa, kabla hujatoboa ukuta.

4. Unganisha na ujaribu mezani. Hii ifanyike ofisini au nyumbani. Kamwe usipige lehemu ndani ya chumba cha kusagia: vumbi la unga likiwa limejaa hewani linaweza kulipuka likikutana na cheche au moto.

Resista ya omu 22 inakaa kati ya nyaya mbili za klampu. Zile mbili za kilo-omu 10 zinagawanya volti 3.3 ya bodi katikati, kapasita inatuliza hiyo katikati, na waya mmoja wa klampu unashikiliwa hapo. Waya wa pili unaenda kwenye pini ya kusomea. Tumia pini namba 32 hadi 36 au 39. Zile za kundi la pili, kama 25 na 26, hazisomi wakati waifai inafanya kazi, na hakuna ujumbe wowote utakaokwambia kosa liko wapi.

Kwa upande wa programu, tumia maktaba ya EmonLib, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kusoma klampu, usijiandikie mwenyewe. Namba ya kusahihishia ni 90.9 (klampu ina uwiano wa 2000, gawa kwa 22). Iambie kwamba bodi yako inasoma biti 12. Ukisahau, ampea 10 zitaonekana 40.

Sasa jaribio. Chukua waya wa ekstensheni uliochunwa ganda la nje, ndani uone nyaya zikiwa bado na maganda yao. Chomeka pasi ya wati 1,000. Pasi hiyo inavuta kama ampea 4.3. Kabla hujawasha, pitisha waya mmoja tu kwenye tundu la klampu mara tano, kama unavyozungushia uzi kidoleni. Klampu itahesabu mara tano: karibu ampea 22. Ukiona 21 hadi 23, umefaulu.

ONYO: Klampu ya SCT-013-000 isifungwe kwenye waya wenye umeme kabla haijaunganishwa na resista yake. Ikiachwa wazi, volti kwenye nyaya zake inapanda na inaweza kuharibu kifaa au kukushtua. Resista kwanza, klampu baadaye, kila siku.

5. Ongeza jicho la umeme. Bodi inakula umeme wa pawabenki, pawabenki inachajiwa na chaja ya kwanza. Chaja ya pili haichaji kitu. Volti 5 zake zinapita kwenye zile resista mbili, ya kilo-omu 10 juu na ya kilo-omu 15 chini, na katikati yake inatoka volti 3 inayoingia kwenye pini nyingine ya bodi. Unganisha pia hasi ya chaja hiyo na hasi ya bodi. Volti ikiwepo, umeme upo. Isipokuwepo, umekatika.

Ni kazi ya nusu saa, lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwenye kinu kimoja daftari lilijaa neno "umeme" wiki mbili mfululizo, na mwenye kinu alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya jenereta. Tulipofunga jicho hili, grafu ikaonyesha umeme ulikuwepo karibu muda wote mota iliposimama. Nikakaa pale asubuhi nzima kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mahindi yalikuwa yanatoka stoo kwa mkokoteni mmoja, na tairi lake la kushoto lilikuwa linavuja. Kila safari ya tatu kijana alikuwa anasimama kulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Opereta hakuwa mwongo. Alipoulizwa sababu jioni, alikumbuka ile siku ambayo umeme ulikatika kweli, akaandika hiyo kila siku. Jenereta haikununuliwa, tulinunua tairi.

6. Fundi afunge klampu. Azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, afungue paneli, apime kuhakikisha hakuna umeme, ndipo aguse waya. Klampu inazunguka waya mmoja wa fezi. Ukizungusha zote tatu kwa pamoja utasoma sifuri au karibu na sifuri, maana zinafutana.

Kama kinu kina starta ya sta-delta, ile inayowasha mota kwa hatua mbili, na vya HP 30 vingi vinayo, klampu ifungwe kwenye waya unaoingia kwenye starta. Usiifunge kwenye zile nyaya sita zinazokwenda kwenye mota, kwa sababu kila mmoja wake unabeba asilimia 58 tu ya umeme wa laini. Utaona ampea 23 na kudhani mota imepumzika.

Boksi la bodi likae nje ya paneli. Paneli ya chuma inameza waifai.

7. Tafuta mipaka yako. Azima ile klampumita. Soma mashine ikiwa imezimwa, ikizunguka tupu na ikisaga, kila hali dakika tano, na ulinganishe na namba za bodi. Kwenye kinu cha mfano wetu tuseme umepata 0, 16 na 38. Basi weka mpaka wa kwanza ampea 5, wa pili ampea 24. Chini ya 5 imezimwa. Kati ya 5 na 24 inazunguka tupu. Juu ya hapo inasaga. Ule mruko mkubwa wa sekunde chache wakati wa kuwasha uupuuze.

Usije ukachukua hizi ampea ukazizidisha na volti kukadiria bili. Mota inayozunguka tupu inavuta ampea nyingi lakini kilowati chache. Ukitaka kujua matumizi ya umeme, funga mita ya fezi tatu yenye RS485. Hiyo ni kazi nyingine.

8. Tuma data. Bodi ipime kila sekunde 10, itume wastani kila dakika kwenye jedwali la Google Sheets kupitia Apps Script, programu ndogo unayoiandika ndani ya jedwali hilo. Kila mstari uwe na wakati, ampea, hali, na kama umeme upo. Wakati uandikwe na bodi pale inapopima, si pale mstari unapofika mtandaoni. Bando likiisha, bodi ihifadhi mistari na kuituma baadaye. Kwa sehemu ambazo mtandao unapotea siku nzima, ongeza saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, la sivyo bodi ikizimika na kuwaka tena haitajua ni saa ngapi.

Mashine zikifika tano au sita, hamia MQTT, njia nyepesi ya kutuma data kati ya vifaa. Ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa ghali. Wanaonunua bando la siku wataelewana nayo.

9. Waonyeshe wafanyakazi kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Weka simu ya zamani ukutani ikionyesha grafu ya leo. Waambie wazi inapima nini: mota, si mtu. Kisha ulinde neno lako. Siku ya kwanza utakayokata posho ya mtu kwa sababu ya grafu, ndiyo siku ya mwisho ya kupata sababu za kweli kwenye daftari. Nimeona bosi akifanya hivyo. Wiki iliyofuata kinu hakikusimama hata mara moja kwenye grafu: vijana walikuwa wanakiacha kizunguke tupu saa nzima.

10. Piga hesabu ya zamu moja. Zamu ni dakika 480, toa 30 za chakula, zinabaki 450. Mota ilisimama jumla ya dakika 95, kwa hiyo ilizunguka 355, ambayo ni asilimia 79. Kinu kinaweza kilo 600 kwa saa, hivyo kwa dakika 355 tulitegemea kilo 3,550. Zilitoka 2,840, asilimia 80. Kati ya hizo kilo 57 zilirudiwa kusagwa, nzuri ni asilimia 98. Zidisha zote tatu: unapata karibu asilimia 62.

Hesabu hii inajulikana kwa kifupi cha OEE, yaani ufanisi wa jumla wa mashine, na ilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Utasikia watu wanataja 85 kama alama ya viwanda bora. Usijipige nayo. Nilichotaka uone ni ile 80 ya katikati: asilimia 20 ya dakika 355 ni dakika 71. Rudi kwenye jedwali uhesabu dakika za "inazunguka tupu". Zikikaribia 71, tatizo lako si ukali wa nyundo, ni mahindi kuchelewa kufika mdomoni mwa kinu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kufunga mashine zote kwa siku moja. Kununua programu ya mwaka mzima kabla ya kuwa na data ya wiki moja. Kuacha nywila ya rauta ileile iliyokuja nayo kiwandani. Kutaka kuhesabu viroba kwa sensa ya mwanga: ndani ya siku mbili jicho limejaa unga. Wengine wananunua sensa ya kugundua chuma na kuielekeza kwenye kiroba, halafu wanashangaa haihesabu kitu. Kiroba si chuma. Ielekeze kwenye mkono wa mashine ya kushonea, utahesabu kila mshono.

Ikigoma

Namba ni sifuri mashine ikiwa inasaga. Klampu imezunguka fezi zote tatu, au haijafunga mpaka ikalia "tak", au jeki haijaingia mpaka mwisho.

Namba zilikuwa sawa, sasa zinashuka kidogokidogo kila wiki. Unga umeingia kwenye midomo ya klampu. Zima swichi kuu, fundi aifungue, aipanguse kwa kitambaa kikavu.

Mashine imezimwa lakini bodi inasoma ampea moja au mbili. Hiyo ni kelele ya umeme. Fupisha waya wa klampu, uepushe na nyaya za mota. Mpaka wako wa ampea 5 unaimeza hata hivyo.

Saa kwenye jedwali iko nyuma kwa saa tatu kamili. Bodi inatumia UTC, saa ya kimataifa. Ongeza tatu.

Bodi inaonyesha jibu namba 302 baada ya kutuma, nawe unadhani imeshindwa. Fungua jedwali kwanza. Kwa kawaida mstari umeshaingia. Apps Script inajibu hivyo tu. Ukiiamuru bodi irudie kutuma utapata kila mstari mara mbili.

Pawabenki inazima bodi yenyewe baada ya muda mfupi. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo. Tafuta nyingine.

Data inakatika kila siku saa ileile. Kabla hujagusa programu, nenda ukasimame hapo saa hiyo. Mara ya mwisho ilikuwa saa 12 jioni, na nilishabadilisha bodi mbili. Mlinzi alikuwa anaingia zamu, anachomoa rauta, anachomeka simu yake. Tulimwekea soketi yake.